Bao: kete zikiwa chache kwenye mtaji, ujifiche au ushambulie?

Kijana wa Jang'ombe
Assalaam alaykum wazee wangu na ndugu zangu. Jana baada ya laasiri tulikuwa na mashindano ya bao, baraza kwa baraza. Raundi mbili nilipita vizuri. Ya tatu nikapangiwa mzee mmoja wa Makunduchi, mtaratibu, hasemi neno. Namua, ile awamu ya kutia kete za mkononi, ilipomalizika tukaingia mtaji, wa kucheza zilizomo ubaoni tu, nikahesabu: yeye 45, mie 19. Nikaona bora nijifiche. Kila zamu natakata, yaani nacheza bila kula, kuzipeleka kete safu ya nyuma, kwa kuwa za nyuma haziliwi. Naye analamba mbele kidogo kidogo. Baada ya zamu chache nimebaki na 11, zote moja moja, hakuna shimo lenye mbili. Sina pa kuanzia, nimefungwa na kete zimo ubaoni! Usiku sikulala. Nifanye nini siku nyengine?

Mzee wa Sokomuhogo
Wa alaykum salaam mwanangu. Mie nimeanza bao kabla ya kuingia skuli, tukiokota komwe ufukweni na kuchimba mashimo mchangani, na kosa hili nimelifanya miaka mingi.

Hukufungwa kwa 19. Umefungwa kwa kungoja mpaka zikawa 11. Mwenye kete chache akitakata tu, kila zamu anazipasua jozi zake mwenyewe, na shimo la kete moja haliondoki.

Weka ubao mbele yako sasa hivi. Safu ya nyuma, shimo la tatu kutoka kulia, tia kete tatu. Zitembeze kuelekea kulia: moja la pili, moja la pembeni, ya mwisho inapanda mbele, kichwani, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele. Ikiwa kichwani uliacha hata kete moja, na mkabala wake mwenzio ana kete, umekula. Kama shimo lake hilo lina saba, zote zako, na unazianzia hapo hapo kichwani. Basi kila shimo la nyuma ulihesabu hivyo: likiondoka litaangukia wapi? Jozi mbili tatu zilizokaa pahala pake zina nguvu kuliko kete kumi zilizotawanyika.

Na mwenye nyingi naye ana dhiki yake. Shimo lenye 16 au zaidi halianzi kula, limekaa kama jiwe. Halafu kula ni lazima. Akiwa na njia moja tu ya kula hawezi kuiacha, apende asipende. Mie huwa naacha kete moja mbele makusudi, nimeshahesabu mwendo wa kete zake utakapoishia. Akishaila, safu yake ya mbele imejipanga mkabala na jozi zangu. Hapo ndipo 19 zinaporudi kuwa 30.

Mwana wa Wete
Mzee kasema kweli, lakini mie nauliza: ulifikaje kwenye 19? Sote tunaanza na 10 ubaoni na 22 mkononi. Nadhani nyumba yako, lile shimo la mbele la kulimbikizia kete, ililiwa. Vijana wengi wanaipenda nyumba, wanailimbikiza mpaka kete 12, na mwenziwe anaivizia mkabala. Kama unakula na kete ya mwisho inaishia nyumbani, una hiari ya kusimama au kusafiri, yaani kuzitembeza kete za nyumba. Safiri mapema, kabla hajakuwahi.

Kijana wa Jang'ombe
Ni kweli kaka, nyumba ililiwa na 11. Niliiachia nikidhani bado ana kazi upande wa pili.

Mzee, shikamoo. Nimeupanga ubao upya baada ya isha, kwa kumbukumbu. Zamu ya pili ya mtaji nilikuwa na tatu pale pale ulipopataja, shimo la tatu, na kichwani ilikuwamo moja. Mkabala yeye alikuwa na tano. Sikuziona kabisa, wala yeye hakunikumbusha kuwa kula ni lazima; nilikuwa natazama mbele tu, vipi nitakimbia.

Mzee wa Sokomuhogo
Marahaba. Ijumaa baada ya sala njoo Jaws Corner, na uje na huo mpango kichwani, tuucheze kuanzia zamu hiyo ya pili. Mie nitashika upande wa yule mzee. Kahawa juu yangu.