Marafiki wananivuta tukaskii Zillertal, naombeni ushauri kabla sijaaibika

Binti_Muheza

Habarini wakuu, naombeni ushauri wa haraka maana ijumaa natakiwa nitoe jibu. Mi nipo Munich mwaka wa pili sasa nasoma uuguzi, darasani nina marafiki watatu, Mjerumani mmoja, Mserbia na Mfilipino, wamepanga februari twende Austria bonde la Zillertal siku tatu kuskii, yaani kuteleza kwenye theluji. Gari ipo, chumba tunachangia, ila nikipiga hesabu kichwa kinauma, tiketi ya lifti (ile mitambo ya kukupandisha mlimani) peke yake kwa siku inazidi euro 70, hapo bado kukodi skii na viatu, bado kula, na posho ya mwanafunzi mnaijua wenyewe, na nyumbani nako simu hazikatiki.

Halafu acha hela, mi naogopa. Theluji nimeiona mara ya kwanza nina miaka 23, hapa tu kituo cha basi barafu imeshaniangusha mara mbili, ya pili nikiwa na trei ya mayai mkononi, sasa nivae mimbao miwili mirefu nishuke nayo mlima?? Mserbia anasema usijali ntakufundisha mwenyewe nusu saa tu unakuwa fundi. Kuna mtu humu ameshawahi? Niende au niwaambie nina zamu?

mzee_wa_Innsbruck

Binti karibu Tirol, jimbo letu huku Austria lenye hilo bonde, nenda. Ila huyo Mserbia asikufundishe. Narudia asikufundishe. Mi mwaka wangu wa kwanza huku nilifundishwa na rafiki, akanipandisha na lifti mpaka juu kabisa akaniambia wewe nifuate tu, yeye huyoo kapotea, mi nikavua skii nikashuka kwa miguu saa nzima na nusu nimezibeba begani kama mtu anayetoka kukata kuni. Lipia mwalimu nusu siku, darasa la wanaoanza, atakufundisha vitu viwili vya kuokoa maisha, kusimama na kuanguka.

Kuhusu hela, usinunue tiketi ya mlima mzima siku ya kwanza, hutaitumia. Chini bondeni karibu kila mahali kuna kiwanja cha kujifunzia chenye lile zulia linalotembea unasimama juu yake linakupandisha taratibu, hapo bei ni ndogo sana na sehemu nyingine wanauza kadi ya pointi unalipa kwa kila mara unayopanda. Njia zenyewe zina rangi, bluu ndio rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi hiyo waachie wenyewe waliozaliwa huku. Na ukiwa unashuka jua kwamba aliye chini yako ndiye mwenye haki, wewe uliye juu ndio unatakiwa umkwepe, yeye hana macho kisogoni.

Sasa la muhimu kuliko yote ni BIMA. Ukivunjika mguu njiani kule wanakuja kukuchukua kwa kitanda cha theluji au helikopta, na helikopta ni maelfu ya euro, na hiyo kadi yako ya Krankenkasse, bima ya afya ya Ujerumani, usidhani italipa helikopta ya kukushusha mlimani Austria. Kuna bima za mwaka mzima bei yake haifiki hata pea moja ya viatu, kata kabla hujaondoka. Halafu beba pasi pamoja na kadi ya ukaazi, kwenda hawakuulizi ila kurudi Ujerumani polisi mpakani wanasimamisha magari, na sisi ndio wa kwanza kuonekana.

kijana_wa_Eldi

Manze usiogope kuanguka, sisi Wakenya tulikuwa na Philip Boit, huyo alikuwa mkimbiaji wa kwetu tu, akapelekwa Finland kufunzwa skii, 1998 akaenda Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mbio za skii za kilomita 10 akamaliza wa mwisho kabisa, lakini bingwa mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri pale mwisho kwenye baridi mpaka akafika akamkumbatia. Boit akarudi nyumbani akampa mtoto wake jina Dæhlie lol. Halafu Olimpiki ya 2018 kulikuwa na Sabrina Simader, huyo ni msichana wa Kilifi aliyekulia huko huko Austria, akashindania Kenya ile skii yenyewe ya kushuka mlima. Kwa hivyo mtu wa pwani anaweza, Muheza na Kilifi si ni jirani tu.

DadaZurich

Wanaume wamesahau mambo ya maana ngoja niseme mimi. Mdogo wangu nywele kwanza, helmeti haipiti kwenye rasta za kufunga juu wala afro, suka twende kilioni zilale kabisa utanishukuru. Soksi vaa pea MOJA, nyembamba ndefu mpaka chini ya goti, najua kichwa kinakwambia baridi vaa mbili, ukivaa mbili damu haipiti vizuri vidole vinaganda na malengelenge juu. Na ile taitsi ya ndani usiichomeke kwenye kiatu, kiatu kinatakiwa kikutane na soksi tu. Jinzi acha nyumbani, ikilowa imelowa. Usinunue chochote kipya, azima suruali na koti kwa wenzio au katafute mtumba.

Mafuta ya jua paka, usiniambie sisi weusi hatuungui, kule juu jua kali halafu theluji inalirudisha usoni kutoka chini, mi niliungua midomo na chini ya kidevu nikabaki nabanduka wiki nzima wazungu wa kazini wakishangaa.

Dukani wanapokodisha watakuuliza kilo zako, SEMA UKWELI. Tunajijua. Ile namba ndio wanayosetia kile kishikio kinachoachia kiatu ukianguka, ukidanganya juu hakiachii, goti linageuka na skii, ukidanganya chini kinaachia ovyo. Hapo sio instagramu.

Mpingo87

Mi natofautiana na wote. Euro mia tatu na kitu kwenda kujivunja? Hiyo ni ada ya mtu kijijini bana. Nenda nao, kula mandhari, kodi kile kigari cha mbao cha kukalia mteleze usiku, huku wanaita Rodel, bei chee na raha tupu.

mzee_wa_Innsbruck

Mpingo hicho kigari nacho kinavunja watu, breki ni visigino vyako, avae helmeti hata huko. Lakini kweli siku moja wafanye hivyo, nakubali.

Binti_Muheza

Wakuu nimerudi juzi, mzima, mguu mmoja una alama ya bluu kama ramani ya Afrika lakini mzima. Bima nilikata, kilo nilisema ukweli (dada umenikamata hapo), nywele nilisuka.

Siku ya kwanza nikalipia mwalimu, darasa letu sisi watu wazima tulikuwa wanne tumekaa kama wafungwa, pembeni kuna watoto wa chekechea wamevaa vizibao vya njano wanatupita hawana hata fimbo. Kosa langu lilikuwa kuegemea nyuma, ukiogopa mwili wenyewe unarudi nyuma, na ukirudi nyuma ndio zinakukimbiza zaidi, mwalimu akawa anapiga kelele magoti mbele, bana kiatu na muundi. Kusimama unafanya vichwa vya skii vikaribiane mikia ipanuke, huku watoto wanafundishwa kuiita pitsa, na ukinyoosha zikiwa sambamba ni chipsi. Basi nikawa nashuka peke yangu kwa mara ya kwanza nikasahau kila kitu, nakwenda spidi kwenye uzio, katoto kamoja pembeni kakanipigia kelele PITSAAA, nikafanya pitsa nikasimama hatua mbili kabla ya uzio. Sijui hata mama yake ni nani nimpelekee zawadi.

Siku ya pili nikapanda lifti ya viti, kupanda rahisi kushuka ndio kasheshe, nikamvuta Mfilipino tukaanguka wote wakasimamisha mtambo watu wote juu wananing'inia wanatuangalia. Mserbia aliyekuwa anataka kunifundisha siku hiyo hiyo akateguka kidole gumba kwenye njia nyekundu, nikamfunga bandeji mimi, mwanafunzi wa uuguzi. Usiku tukaenda na ile Rodel, Mpingo hapo ulisema kweli.

Sasa hela imeisha kabisa na wameanza kusema pasaka twende Hintertux, kule kuna barafu ya kudumu wanateleza mwaka mzima. Kuna mtu Munich au karibu anauza suruali ya theluji ya mtumba saizi M? Ile niliyoazima mwenyewe anaitaka.