Gereji wameipiga mchanga pikipiki yangu BSA ya vita, namba ya jeshi imefutika

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe. Mods, naomba mniachie uzi hapa hapa.

Nina BSA M20 ya mwaka 1943. Kwa wasioijua: silinda moja, cc 496, valvu za pembeni, nguvu farasi 13 tu, na nyuma haina shoki-apu kabisa, makalio yako ndiyo shoki-apu. Waingereza walitengeneza za jeshi zaidi ya 120,000 pale Birmingham wakati wa Vita Kuu ya Pili. Yangu nimeinunua kwa mzee mmoja Kongwa, ilikuwa bandani chini ya magunia na kuku anatagia kwenye siti. Anasema marehemu baba yake aliipata mradi wa karanga wa Mwingereza ulipokufa mwaka 1951. Inaingia akilini, maana mradi ule uliletewa mitambo mingi iliyobaki vitani, hadi vifaru vikageuzwa matrekta. Ila maneno ya mzee ni maneno. Ushahidi ulikuwa kwenye tenki la mafuta.

Jeshi la Uingereza lilikuwa linaandika namba ubavuni mwa tenki: herufi C halafu tarakimu. Ukiwa nayo nzima unaweza kufuatilia pikipiki yako ilitoka kwenye oda ipi. Waliokuja kuzimiliki mitaani walizifunika kwa rangi tu. Basi mimi nilikaa wiki tatu, kila jioni, na msasa laini na maji ya sabuni, nakwangua taratibu kama ninanyoa kichanga. Bluu ikatoka. Chini yake nyekundu. Chini ya nyekundu, kahawia ya jeshi. Jumapili moja nikaiona C. Kisha 4. Kisha kitu kama 7 au 1. Nikaacha hapo, nikafunika na kanga ya mke wangu (ugomvi mwingine huo), nikasema nitamalizia nikitoka safari.

Injini ilikuwa imejamu, pistoni imeshikana na bloku, hiyo siiwezi. Nikaipeleka gereji moja hapa Arusha wanaojiita mabingwa wa vyombo vya kale. Jina silitaji. Nikamwambia fundi mkuu mbele ya vijana wake: kazi ni injini, tenki msiguse. Nikabandika karatasi juu ya tenki: USIGUSE. Nikalipa advansi 1,200,000.

Narudi baada ya mwezi nakuta pikipiki inang'aa kama gari la bibi harusi. Kijani, ya kung'aa. Tenki limepigwa mchanga wa presha ya hewa hadi bati jeupe, likapakwa praima, likapigwa rangi. Namba hakuna tena, imekuwa vumbi sakafuni kwao. Fundi anatabasamu: "Bosi, tumekuongezea na rangi, ofa ya gereji." Karatasi yangu je? "Ilidondoka yenyewe."

Nikamuuliza kwa nini kijani. "Jeshi si kijani, bosi?" Jamani, 1943 Waingereza walikuwa wanapaka kahawia iliyofifia, isiyong'aa hata chembe! Nani anaenda vitani na chombo kinachopiga mwanga kama kioo?

Haijaisha. Gripu za usukani zilikuwa za turubai, na pedo zilikuwa chuma kitupu, bila mpira. Kuna sababu: Mjapani alipoiteka Malaya mwanzoni mwa 1942, mpira uliadimika, viwanda vikabana. Kwa hiyo ule "ubovu" ndio vita vyenyewe, unavishika kwa mkono. Wao wamezitupa, wakaweka gripu na pedo za bodaboda. Na bolti zake ni za vipimo vya zamani vya Kiingereza, hazikubali spana za milimita. Wamezilazimisha kwa nyundo, mbili vichwa vimeviringika, moja wameitoboa wakachomeka ya Kichina.

Injini? Bado imejamu. Ndiyo, mmesoma vizuri.

Sasa wanadai 900,000 ya kumalizia, na 5,000 kila siku kwa maegesho. Pedo nimezipata kwa muuza chuma chakavu jirani yao, kaniuzia 4,000 zote mbili. Gripu kijana mmoja kaniambia kwa siri walizichomea moto wa kuchemshia chai.

Kabla hamjauliza: picha ninayo, ya C na 4 na ile ya tatu isiyoeleweka. Risiti ninayo, imeandikwa "matengenezo ya injini", basi. Upande wa kulia wa tenki sikuwa nimeukwangua bado, nao wameupiga mchanga.

Wanasheria humu, hii naipeleka mahakama ya mwanzo au naanzia polisi? Na mtoto wa watu nitadai shilingi ngapi kwa namba iliyofutwa? Maana fundi ananiambia rangi yenyewe kaninunulia ya bei ghali.