Daktari bingwa wa vijana apewe mwaka mzima wa utafiti, au abaki kliniki?

Kirumba_Juu: Wakuu habari za jioni. Huu ubishi umeanzia kijiweni huku Kirumba, nauleta kama ulivyo. Marekani daktari akishamaliza ubingwa wa watoto, akitaka kubobea kwenye afya ya vijana balehe anaongeza miaka 3 mingine, na humo ndani lazima afanye kazi yake ya utafiti. Kwetu mtu anasoma MMed, yaani shahada ya ubingwa, miaka 3, tasnifu anaibananisha usiku katikati ya zamu. Sasa jamaa anasema siku tukianzisha ubobezi huo, tuseme pale hospitali ya Bugando hapa Mwanza, utafiti upunguzwe kwa sababu foleni ya wagonjwa ni ndefu. Mimi nasema uongezwe. Karibuni.

Mama_Igogo: Mi niko na jamaa yako. Nilimpeleka binti yangu hospitali moja, ana miaka 16, daktari anamuuliza mambo yake ya siri mlango wazi na mimi nimekaa hapo hapo, we unadhani atajibu nini? Huyo afundishwe kwanza kuongea na mtoto. Asilimia baadaye. Mnapenda sana madodoso nyie.

Kirumba_Juu: Hapo kwenye mlango sikupingi dada. Ila wa hapa Mwanza tunasahau haraka. Kulikuwa na utafiti wa MEMA kwa Vijana, jamii 20 za vijijini, nusu zinapewa mpango na nusu za kulinganishia, ilianza mwishoni mwa miaka ya 90, walimu wanafundisha afya ya uzazi shuleni, wahudumu wa zahanati wamefundishwa kupokea vijana bila kuwafokea, kondomu zinauzwa na vijana wenzao, yaani ukiangalia kwa macho ungeapa imefanikiwa na hata wenyewe wakiulizwa maswali wanajibu vizuri kabisa. Ikaja kupimwa damu: virusi vya ukimwi na vya hepesi ya sehemu za siri havikupungua. Wakarudiwa 2007 na 2008, vile vile. Kama wangeishia kwenye majibu ya mdomo tungekuwa tunajipongeza mpaka leo. Na chanjo ya HPV, ile ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi, je? Mabinti 930 wa hapa hapa, miaka 9 mpaka 14, waligawanywa dozi 1, 2 au 3, na utafiti ule ni mmoja wa tafiti zilizosaidia kuonyesha dozi 1 inatosha. Nchi ikahamia dozi 1 mwaka 2024.

Rezidenti_Mchovu: Nyie mnabishana mwaka, mimi nipo ndani nawaambia shida ni hela na msimamizi. Nilitaka kuangalia kichocho kwa wasichana wanaoingia mabwawani na kwenye majaruba ya mpunga huko Misungwi, maana kikikaa kwenye via vya uzazi dalili zake zinafanana na za magonjwa ya zinaa, binti anapewa dawa zisizomhusu na mtaani anasemwa vibaya. Nikaambiwa vipimo ghali. Nikaishia kuchambua mafaili ya zamani ya wagonjwa, na bado nimelipa kutoka mfukoni.
Ila mama, kwenye utafiti wa wa chini ya miaka 18 mzazi anasaini na mtoto naye anaulizwa pembeni kama anakubali, akikataa huwezi kumlazimisha. Ukishafanya hivyo kwa watoto wengi, kumwambia mzazi "tupishe kidogo" kunakuwa kawaida. Kliniki ya watu mia hakuna anayekufundisha hilo, nani ana muda.

Mama_Igogo: Sawa, lakini si umesema mwenyewe umeishia kwenye mafaili? Faili umeliomba ridhaa wapi mwanangu? Halafu matokeo mnayarudisha lini, watu wa Kisesa huko wanahojiwa na watafiti tangu 1994, kuna mabinti waliohojiwa saa hizi ni bibi.

Kirumba_Juu: Hahaha bibi kabisa. Haya, la matokeo nakubali: hakuna cheti mpaka akayasome mbele ya wanakijiji na waulize wanavyotaka. Ila ndo maana nasema mwaka mzima wenye bajeti, siyo miezi mitatu ya kupangusa vumbi stoo.

Rezidenti_Mchovu: Bajeti ya nani?