Naomba ushauri: dodoso la mtandaoni baada ya kolonoskopi

Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi kitengo cha endoskopi. Wagonjwa tunawatumia dodoso kwenye simu siku ya 7 na ya 30 baada ya kolonoskopi (kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa kamera), maana aliyekatwa vinyama vya utumbo anaweza kutokwa damu hata wiki mbili baadaye, akatibiwa kwingine tusijue. Shida ni kwamba wengi hawajibu, wazee ndio kabisa. Nimepunguza maswali hadi 5, nikaongeza ujumbe wa kukumbusha, wapi. Halafu kuna mmoja alijaza "damu kidogo" Jumamosi usiku, tukaja kuliona jibu Jumatatu asubuhi! Asiyejibu nimpigie simu, au nimhesabu hana tatizo (moyo unakataa)? Na majibu ya hatari ayapokee nani nje ya saa za kazi?