Banda la kuinua, la tofali au la wavu mgumu: lipi litawaokoa bata wangu?

mfugaji_kibaha
Habarini wadau. Mwezi uliopita nilikuwa na bata 11, leo wamebaki 5. Wa kwanza nilikuta manyoya tu. Juzi wameuawa wanne usiku mmoja, na watatu kati yao wameachwa palepale, shingo zimetafunwa. Banda ni nguzo na wavu wa kuku, na pembeni chini umesukumwa. Kwa kweli imeniuma, kwani hawa niliwalea tangu vifaranga. Nina hela ya kufanya jambo moja: kuinua banda la mbao juu ya nguzo, kujenga la tofali, au kubadilisha wavu. Bata wenyewe ni wale wenye uso mwekundu. Mngekuwa ninyi mngefanya lipi?

mama_bata_tanga
Pole sana mwanangu. Kabla ya kununua chochote, mjue mwizi wako. Jioni mwaga majivu kuzunguka banda, asubuhi usome nyayo. Mbwa na paka huacha alama ya vidole vinne. Kicheche ana vitano na kucha ndefu. Hao walioachwa bila kuliwa wananifanya nimshuku kicheche, ingawa mbwa wa mtaani naye hufanya hivyo.

Wavu wa kuku kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Mnyama mwenye njaa anaurarua. Chukua ule wa kuchomelewa, wa matundu ya nusu inchi, angalau kwa upande wa chini. Na usiishie ardhini: ukunje kwenda nje, ulale chini futi mbili kulizunguka banda, kisha uufunike kwa udongo. Mnyama huchimba pale ukuta unapogusa ardhi, akikutana na waya anahangaika palepale mpaka anachoka. Mimi huo wavu wa kulaza ndio ulioniponya.

fundi_wa_mabanda
Naunga mkono tofali, ila si mpaka juu. Piga kozi nne, yaani mistari minne ya tofali, juu ya msingi, halafu wavu mgumu hadi kwenye paa. Ukiziba kote, bata wataugua, maana kinyesi chao kina maji mengi na hewa inakuwa nzito. Sakafu ya zege nyembamba, juu yake maranda au pumba za mpunga. Na mlango uwe na komeo la chuma. Mabanda mengi niliyoitwa kurekebisha, ukuta ulikuwa mzima, mlango ndio uliofungwa kwa kamba.

mkulima_lushoto
Shikamoo mama. Kwa sisi wa milimani, adui mkubwa ni siafu, na tofali haliwazuii. Nilikuwa na jike anaatamia, na bata hawa huatamia siku 35. Amebakiza siku mbili tu, siafu wakaja usiku. Hakutoka kwenye mayai. Asubuhi nilishindwa hata kula.

Tangu hapo nimeinua banda, na kila nguzo imesimama ndani ya kopo la oili chafu. Majani yasiguse banda, yatakuwa daraja. Bata wa uso mwekundu wana kucha, wanapanda vizuri. Ukifuga wale weupe wazito, ngazi iwe ya mteremko mdogo yenye vijiti vya kukanyagia, la sivyo wataumia miguu.

wa_mbagala
Marahaba ya mama ikufikie, lakini wote mnazungumzia usiku. Mimi hasara yangu yote ni ya mchana. Mwewe, kenge, na hasa kunguru wa Kihindi, hawa walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa wamejaa Dar. Wanakuja wawili wawili, mmoja anamsumbua mama, mwingine anabeba kifaranga. Nimetandaza nyavu kuukuu za wavuvi juu ya uwanja mdogo, vifaranga wanakaa humo wiki sita za mwanzo. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na waya.

kijana_mfugaji
Mimi nafuga kanga, wanapiga kelele kitu kikisogea. Jirani yeye ametega nyama yenye sumu, naona imemsaidia.

mama_bata_tanga
Marahaba, mwanangu wa Lushoto. Wewe kijana, kanga ni wazuri kama kuna mtu wa kuamka. Sumu hapana, tafadhali. Itamuua mbwa wa jirani, na bata mwenyewe anaokota kila kitu. Kuna watoto pia wanaocheza hapo.

mfugaji_kibaha
Asanteni sana. Nilimwaga majivu: vidole vitano, na kuna tundu jipya nyuma ya banda. Siafu huku kwangu sijawaona. Nimeamua kozi nne za tofali, wavu mgumu juu, na mlango wa komeo. Kwa sasa bata wanalala stoo. Fundi, nikiweka sakafu ya zege bado nahitaji wavu wa kulaza nje?

fundi_wa_mabanda
Ukiweka msingi wa futi moja na nusu pamoja na zege, huhitaji. Hela hiyo nunulia wavu wa madirisha. Zege likae siku saba, ulimwagilie, ndipo uwaingize.