Programu za kusanifu saketi za mwanga: nianzie wapi?

Mwanafunzi wa Tengeru
Habari zenu wakuu. Ninasoma shahada ya uzamili hapa Arusha, na utafiti wangu unahusu saketi za fotoniki, ambamo mwanga hupita katika vijia vya silikoni. Leseni za programu za kibiashara siziwezi, na kompyuta yangu mpakato ina ramu ya GB 8. Je, nikijifunzia programu huria, ujuzi huo hautapitwa na wakati?

Mdau wa Moshi
Ndugu, kinachopitwa na wakati ni kuchora kijia kimoja kimoja kwa kipanya. Kwa GDSFactory, ambayo ni programu huria, unaiandika saketi kwa lugha ya Python, na ukibadilisha upana wa kijia mahali pamoja, mchoro mzima hujirekebisha. Kisha unaukagua katika KLayout, programu ya kutazama michoro hiyo. Faili linalotoka ni la GDSII, muundo wa miaka ya 1970, mkongwe kuliko wengi wetu humu, na viwanda bado vinaupokea.

Ramu ndiyo itakayokubana. Katika Meep, programu huria ya kukokotoa jinsi mwanga unavyosafiri, ukipunguza ukubwa wa vyumba vya hesabu kwa nusu katika vipimo vitatu, kumbukumbu inayohitajika huongezeka mara 8 na muda mara 16. Niliwahi kuiacha pete moja ndogo, yaani kijia cha duara, ikikokotolewa usiku kucha, umeme ukakatika alfajiri, nikaanza upya. Tangu hapo huanza na vipimo viwili.

Fundi wa Njiro
Nakubaliana na Mdau kuhusu msimbo, ila naona kesho ya programu hizi imo mikononi mwa viwanda. Kijia cha kawaida cha silikoni kina kimo cha nanomita 220 na upana wa takriban 500. Upana ukikosewa kwa nanomita 1 tu, mwangwi wa pete, yaani urefu wa wimbi la mwanga ambao pete huunasa, husogea kwa karibu nanomita 1. Programu isiyojua makosa ya kiwanda hukupa picha ya kupendeza tu, na takwimu hizo mara nyingi hutolewa kwa mkataba wa siri. Anza na vifurushi vya SiEPIC vya kusanifia saketi za silikoni, vilivyo wazi. Upande wa biashara, kampuni ya Ansys iliinunua Lumerical, watengenezaji wa programu za fotoniki, mwaka 2020, nayo Ansys ikanunuliwa na Synopsys mwaka 2025, kwa hiyo programu hizo zinazidi kuingia mikononi mwa kampuni kubwa.

Mwanafunzi wa Tengeru
Nashukuru sana. Hilo kosa la nanomita 1 ninaliingizaje katika msimbo?

Fundi wa Njiro
Rudia hesabu ya saketi mara 100, kila mara upana ukichaguliwa kwa nasibu kuzunguka 500, halafu tazama vilele vya pete vinaangukia wapi. Hesabu hiyo haihitaji Meep, na GB 8 zinaitosha.