Naomba ushauri: ridyusa ya kopa (kiungo cha kuunga paipu nene na nyembamba) ya milimita 22 kwa 15, nafanyaje paipu ipenye mpaka upande wa pili?

MamaSabuni
Habarini wapendwa, poleni na majukumu. Niko Pongwe hapa Tanga, natengeneza sabuni za nazi nauza mtaani na kwenye maduka mawili matatu ya Ngamiani. Mafuta ya mchaichai ya kutia harufu nanunua kichupa kidogo kwa bei inayoumiza wakati mchaichai umejaa uani kwangu, na kwa dada yangu Muheza ndo usiseme. Nikaamua nijitengenezee mtambo wangu, sufuria kubwa la stenlesi lenye mfuniko ninalo, mvuke unapita kwenye majani unatokea juu unaingia kwenye paipu ya kopa unapozwa. Hapo kwenye kupoza ndo nimekwama.

Ni paipu mbili, ya 15 ndani ya ya 22, maji ya baridi yanapita katikati yao. Kila mwisho kuna tii ya 22 (kiungo chenye midomo mitatu) na mdomoni mwake ridyusa ya 22 kwa 15. Paipu ya 15 inatakiwa ipenye ridyusa iende zake mpaka kule, lakini ikiingia kama sentimita moja inagota. Nikimulika na tochi ya simu naona ukingo mdogo umezunguka ndani. Nimekaa na tupa ya duara saa nzima mpaka vidole vimechubuka, ridyusa ya kwanza nimeila upande mmoja sasa paipu inacheza. Imebaki moja nzima na sitaki kuiharibu. Nipige drili au nilikosea kununua?

FundiBaridi
Dada hujakosea. Ule ukingo umewekwa makusudi ili paipu isizame kupita kiasi, fundi bomba akisukuma ikigota anajua imefika. Wewe unataka ipite moja kwa moja kwa hiyo ukingo uondoke, ila ukingo TU. Pale paipu inapokaa usipaguse. Lehemu inapanda yenyewe kwenye upenyo mwembamba kama karatasi, ukishapanua paipu ikacheza haipandi tena inadondoka chini, kwa hiyo ile ya kwanza usiilehemu kawaida itavuja tu.

Drili ya mkononi sikushauri kabisa, kopa ni laini inang'ang'ania ncha, unashtukia fitingi inazunguka nayo na kiganja chako kimo humo humo.

Kijana_Chumbageni
Si angechukua tu paipu ya ac ya 5/8 kwa mafundi, ziko nyingi na bei inaongeleka

FundiBaridi
Hapana mdogo wangu, watu wengi wanapotelea hapo. Paipu za ac zinapimwa kwa inchi kwa nje, 5/8 ni milimita 15.88, haiingii kwenye fitingi ya 15. Na ya 1/2 ni 12.7 itapwaya vibaya mno. Kwa macho zinafanana kabisa, kwa hiyo dada ukiongeza paipu nenda na fitingi yako mkononi ujaribishe dukani hapo hapo.

MzeeWaTupa
Mwanangu pole na vidole. Kazi ya tupa nimeifanya karakana miaka mingi nikuelekeze taratibu. Kwanza usiibane ridyusa yenyewe kwenye jiliwa, itakuwa yai na haitarudi. Chukua kipande kifupi cha paipu ya 22, kichomeke upande mkubwa wa ridyusa, ubane hicho kipande kati ya vibao viwili vya mti laini.

Halafu tafuta kalamu ya wino mzito, maka peni ya mtoto wa shule inatosha, paka ndani kote, ukingo na ukuta wake. Tumia tupa ya nusu duara yenye meno madogo, sukuma kwa mbele tu usivute kurudi, kila misukumo mitano zungusha ridyusa robo. Baada ya muda utaona ukingo unang'aa na ukuta bado mweusi. Ukiona wino wa ukutani unaanza kutoka simama hapo hapo, tupa imelala. Ile ya kwanza ulikuwa unasukuma pembe moja ndo maana umeila upande. Ukimaliza pitisha msasa, osha unga wote wa kopa, paipu iingie kwa kubana kidogo.

MamaSabuni
Shikamoo mzee, asante sana, hiyo ya wino sikuwahi kuisikia. Na ile iliyopwaya ndo nitupe?

MzeeWaTupa
Marahaba mama. Usitupe, hapo namuachia FundiBaridi.

FundiBaridi
Mpelekee fundi friji yeyote mwenye gesi aichomee kwa fimbo za kopa zenye fosfa, zile zinajaza uwazi kuliko lehemu na kopa kwa kopa hazihitaji hata flaksi, ile dawa ya kupaka ili lehemu ishike. Ila moto wake ni zaidi ya digrii 600, kwa hiyo ianze hiyo, lehemu za viungo vingine zije baadaye, la sivyo vyote vitafumuka. Kiungo kilicho karibu kifunge kitambaa kibichi.

BintiMuheza
Dada nami naomba niongeze maana nyumbani tumekamua karafuu na mchaichai. TAFADHALI usitumie lehemu ya mafundi redio, nyingi ina madini ya risasi na haya mafuta yanaenda kwenye ngozi za watu. Ulizia ya mabomba ya maji isiyo na risasi. Na mdomo wa kutokea mafuta usiweke koki, uwe wazi muda wote, majani yakiziba njia au ukifunga kwa bahati mbaya sufuria linakuwa bomu, weka wavu juu ya majani. Mchaichai mafuta yake yanaelea juu ya maji, ya karafuu yanazama, usije siku moja ukamwaga chini ukidhani ni maji.

Kijana_Chumbageni
Na kwa nini asikunje tu kopa nyembamba aizamishe kwenye ndoo, fitingi za nini zote hizo

FundiBaridi
Inafanya kazi, wengi wanafanya hivyo, unajaza mchanga mkavu ndani isijikunje vibaya. Shida ni joto. Kila mvuke wa kutoa lita moja ya maji ukipoa unapandisha ndoo ya lita 20 karibu digrii 30, na maji yetu ya Tanga yanaanza yakiwa na 27 hivi, lita ya pili tu mvuke unaanza kukutokea mzima na harufu yote inaenda hewani. Ya dada ina maji yanayotembea. Dada maji yaingilie tii ya chini yatokee ya juu, ukigeuza hayajai vizuri.

MamaSabuni
Wapendwa nimerudi, leo siku ya nne. Ridyusa nzima nimeila kwa wino kama mzee alivyosema, dakika arobaini, paipu imepita inabana kama kidole kwenye pete. Iliyopwaya fundi wa Makorora kaichomea. Nimejaribu na maji matupu kwanza, tii ya chini ikatoa tone moja moja, nikaisafisha kwa msasa nikaanza upya na flaksi, imekauka. Kilo nne za majani zimetoa kama vijiko viwili vya chai, ya njano, inaelea kweli BintiMuheza. Jirani kaja kuuliza napika nini.